Madirisha Meusi ya Mwalimu Claudette

Claudette Nahimana alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, somo lake mito, na darasani alikuwa moto wa kuotea mbali. Alikulia Bujumbura, akarudi Kigali na Kiswahili chake, na miaka yote alifundisha akitembea katikati ya madawati, akisoma nyuso za wanafunzi. Kisha chuo kikahamishia vipindi mtandaoni, na kule kujiamini kwake kote kukayeyuka.

Kila asubuhi aliketi mbele ya kompyuta chumbani kwake Nyakabanda, ukungu bado umelala mabondeni, fundi wa jirani ndiyo kwanza anafungua kibanda. Moyo ulimwenda mbio, mama wa watu. Basi alifumba macho, akashusha pumzi, na humo gizani mto Nyabarongo ukaja polepole, mpana, wenye rangi ya udongo, na wanafunzi wake wote wameketi ukingoni, miguu majini. Alianza kufundisha akiwa huko huko. Raha iliyoje! Kisha akafumbua macho, na kwenye kioo hapakuwa na mtu. Vijidirisha vyeusi tu, vyenye majina, na kimya.

Ilimuuma sana. Alijiambia wamemchoka, wamewasha simu wakarudi kulala. Mkuu wa idara, Norman, Mkenya mpole, alishamwambia kwamba kama mtandao unamshinda aseme tu, somo apewe mwalimu kijana. Alitaka jibu Ijumaa. Claudette alikwenda kufikiri, na kufikiri kwenyewe kukawa kulia jikoni, maana bila mito yake hakujua angekuwa nani.

Ijumaa ikafika. Alifumba macho, akauaga mto, akafumbua, akayaambia madirisha meusi kwamba wiki ijayo watakuwa na mwalimu mwingine, kwa kuwa anaona hawamhitaji.

Hapo akasikika Audace, kiongozi wa darasa.

"Mwalimu, tumekukosea nini?"

Akawauliza kwa nini basi wanamfungia kamera. Audace akababaika, akaeleza. Siku ya kwanza walimwona mwalimu amefumba macho, midomo inacheza, wakajua anasali. Na nani, aliyelelewa akaleleka, atamkodolea macho mtu mzima anayesali? Wakazima kamera, wakazima sauti, wakangoja amalize. Somo likaanza macho yakiwa bado yamefumbwa, na hata alipoyafumbua, nani athubutu kumwuliza mwalimu kama sala yake imekwisha? Wakaendelea kuzima hivyo hivyo, kipindi baada ya kipindi, tangu muhula uanze. Jamani, heshima nyingine hizi!

Claudette alicheka mpaka machozi yakamtoka. Angeweza kunyamaza, abaki mcha Mungu machoni pao. Lakini alikuwa amechoka kukaa peke yake.

"Sikuwa nasali, wanangu," alisema. "Nilikuwa nawaogopa."

Dirisha la Audace likawaka, na la Mugeni aliyekuwa na mtoto mgongoni, na la kijana mmoja wa Kanombe, karibu na uwanja wa ndege, ambaye ndege ilikuwa inampitia juu ya paa. Yakawaka yote, taratibu, kama watu wanaoamka. Wawili walikuwa kweli kitandani. Claudette aliwatazama mmoja mmoja bila haraka, akawafundisha macho wazi.

Mchana alimpigia Norman, akamwambia yule mwalimu kijana atafutiwe somo jingine.