Mguu Uliofaulisha Darasa la Sita

Juzi hapa nyumbani Tabata nilikaa mezani na binti yangu akifanya zoezi la Kiingereza kwenye simu. Sentensi inatokea, neno moja limepigiwa mstari, naye achague: kihusishi au kielezi. Akasita. Kabla sijawaza lolote, mguu wangu wa kulia ukatoka wenyewe chini ya meza, ukanyooka.

"Mama, mbona unanipiga teke?"

Nikaurudisha, nikamwambia ni ganzi. Wewe nitakwambia ukweli, maana haikuwa ganzi.

Shule yetu ilikuwa Gongo la Mboto. Kila asubuhi ulikuja na vitu viwili, fagio la chelewa na kidumu cha maji cha lita tano. Bila hivyo hupiti getini. Bibi yangu alikaa nje ya uzio na karai lake la kachori, na ikifika saa nne harufu ya kitunguu na pilipili iliingia dirishani, hata aliyekuwa anasoma akaacha. Darasani tulikuwa themanini na wawili. Nilihesabu mara mbili, kwa sababu daftari la mahudhurio lilisema themanini na watatu, likimhesabu mtoto aliyekwisha kuhamia Pugu.

Kiingereza tulianza kufundishwa na mwalimu wa fimbo. Huyo hakueleza, aliuliza, ukikosea unainama. Kisha akaja kijana kutoka bara, mashati mawili kwa zamu, sauti ya upole mpaka ilibidi tunyamaze ili tumsikie. Hakushika fimbo. Alishika mikono yetu.

"Kihusishi lazima kishike kitu," alituambia. "Kielezi kinatembea mikono mitupu."

Akaweka utaratibu. Anasoma sentensi. Ukiona neno limeshika kitu mbele yake, shika mkono wa jirani. Ukiona halijashika chochote, nyanyua mikono yako juu. *He is inside the house*: neno limeishika nyumba, shika mkono. *He is inside*: mikono juu. Basi.

Mie nilielewa siku ileile, na si kwa akili. Nilikulia kwenye karai la bibi. Nilijua kumtofautisha mteja anayekuja na sahani mkononi na yule anayekuja mikono mitupu akitaka kuonja tu. Wenzangu hawakuwa na bahati hiyo, nami nikaona hapo pana biashara.

Nilikaa dawati la mbele, kwenye njia. Mguu ukitoka, shika mkono. Mguu ukiwa ndani, mikono juu. Bei yangu ilikuwa kidumu.

"Unanichotea maji wiki nzima," nilimwambia jirani yangu wa dawati, mvulana mbishi kupita wote.

"Wiki nzima kwa mguu huo? Siku mbili."

"Siku mbili nakutolea kidole gumba cha mguu tu. Utajua mwenyewe kinasema nini."

Tukaafikiana siku nne. Baada ya wiki mbili sikuwa nimebeba maji wala kufagia. Mguu wangu ulionekana mpaka dawati la tano. Waliobaki nyuma waliwatazama wa dawati la tano, nao wakanilipa zamu za kufagia. Darasa zima lilishika na kunyanyua kama gwaride la jeshi.

Ubaya ni kwamba mwalimu alifurahi. Alifurahi mno, akaenda kumwambia mwalimu mkuu kwamba watoto wameelewa bila kuchapwa hata mmoja. Mwalimu mkuu hakupenda ile michezo ya mikono. Akamleta mkaguzi kutoka wilayani, na habari zikatufikia kabla yake: tukifaulu, kijana anabaki na sisi mpaka la saba. Tukishindwa, anapelekwa darasa la kwanza, na fimbo inarudi Jumatatu.

Siku ya ukaguzi harufu ya kachori ilipita na hakuna aliyegeuza kichwa. Mkaguzi alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Akakaa kando ya ubao pamoja na mwalimu mkuu. Mwalimu wetu alivaa shati lake la Jumapili. Akasoma.

"*The cat is under the table.*"

Mguu nje. Mikono ikashikana.

"*The children ran outside.*"

Mguu ndani. Mikono juu, yote, sauti moja ya mashati. Ya tatu hivyohivyo. Mwalimu alianza kutabasamu, na mie nikaanza kupumua.

Mkaguzi akavaa miwani. "Vizuri. Sasa simameni. Geukeni mtazame ukuta wa nyuma."

Tukageuka. Mie niliyekuwa wa mbele nikawa wa mwisho, na mbele yangu visogo themanini na kimoja. Nilinyoosha mguu, nikaurudisha, nikaunyoosha tena, kana kwamba visogo vina macho.

"*She went down the hill*," akasoma mkaguzi mwenyewe.

Mmoja akanyanyua, mwingine akamshika huyo aliyenyanyua, wakavutana. Watatu waliogopa, wakashika mkono mmoja na kunyanyua wa pili ili wasikose pande zote. Nilihesabu walioshika sawasawa: kumi na tisa. Nikahesabu tena, nikitumaini wamezidi. Kumi na tisa.

Chaki ilivunjika mkononi mwa mwalimu. Niliisikia.

"Dakika tano zilizopita mlijua," mkaguzi akasema. "Nani alikuwa anawaambia?"

Jirani yangu mbishi, bado ametazama ukuta, akasema, "Mguu wa jirani yangu hapa, mwalimu. Mie nimeulipia mpaka Alhamisi."

Nikaitwa mbele. Mkaguzi akaniuliza nilijuaje, nikamweleza habari za sahani na mikono mitupu. Akanipa sentensi tatu, nikapata tatu.

"Kwa hiyo mmoja anajua kihusishi," akamwambia mwalimu mkuu, "na themanini na mmoja wanajua mguu."

Mwalimu wetu angeweza kunionyesha kidole. Alisema tu, "Kosa ni langu. Nilitazama mikono, sikutazama miguu." Akakusanya vipande vya chaki, akaviweka mfukoni.

Nilimfuata mwalimu mkuu hadi mlangoni kwake. "Shikamoo mwalimu. Nichape mie, yeye abaki. Nitafagia ofisi muhula mzima. Mihula miwili."

"Hapa si gengeni," akasema, akafunga mlango. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipokosa pa kuanzia bei.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza kachori. "Mie nauza hizi kwa kuwa nimezipika," akasema. "Hicho ulichokuwa unauza, kilikuwa cha nani?"

Jumamosi niliwapitia wenzangu nyumba kwa nyumba, wengine wakafuatana kutoka mitaa ya mbali. Tulikutana nyuma ya karai la bibi, tukatumia sahani yake, zamu kwa zamu: huyu kaja na sahani, huyu mikono mitupu. Jumapili tukarudia baada ya kanisa. Jirani yangu mbishi aliuliza bei. Nikamwambia kaa chini.

Jumatatu mwalimu wa fimbo alirudi na amri yake: mikono juu ya dawati, hakuna michezo. Akasoma sentensi, akanyoosha kidole kwa huyu na yule, nao wakajibu sawa. Wa nne, wa tano, sawa. Sentensi ya sita ilikuwa ya kihusishi. Nikaangusha penseli makusudi, nikainama. Kila mtoto alikuwa na mkono mmoja juu ya dawati. Ule mwingine ulikuwa chini, umeshika wa jirani. Nikahesabu mpaka ukuta wa nyuma, nikahesabu kurudi. Hakukosekana hata mmoja.

Nilipoinuka, mwalimu wetu alikuwa anapita nje ya dirisha na watoto wa darasa la kwanza kwenye mstari. Hakuona kitu. Alichoona ni mikono themanini na miwili imetulia juu ya madawati, na mtu mwenye fimbo mbele. Akainamisha macho, akapita. Muhula uliofuata akahamishwa, na hakuna aliyemwambia kilichokuwa chini ya madawati.

Bibi hayupo tena, na pale palipokuwa na uzio kuna fremu za maduka. Nimejadiliana bei na watu wengi tangu hapo, na wengi nimewashinda. Binti yangu alikuwa bado anasubiri, kidole kimesimama juu ya kioo cha simu. Niliificha miguu yote miwili chini ya kiti.

"Weka simu," nikamwambia. "Nipe mkono."