Ngazi ya Dini na Maziwa ya Mama Pascasie

"Nakuambia tena, Habiyaremye: leo ule mufilozofu wako abaki inje!" Nyiramahirwe alikuwa anapiga meza na mwiko. "Katekista akifika, wewe ni ndiyo na amina tu. Bila vile, mujukuu wetu atatafutiwa baba wa ubatizo mwingine, na wewe utaangalia kwa dirisha la kanisa."

Muzee Habiyaremye, fundi wa kuchonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumia mizigo, alinyamaza. Lakini alinyamaza vibaya, kama sufuria inayotikisa kifuniko.

Habiyaremye alimujua ule mufilozofu kule seminari, kabla hawajamufukuza juu ya maulizo mengi. Padri aliwaeleza: kuna mutu wa akili wa Ulaya aliyesema dini zote za dunia ni ngazi moja. Chini kabisa, watu wanaogopa radi na mulima wa moto. Wanapanda, wanachonga miungu. Wanapanda tena, kila taifa na Mungu wake. Juu kabisa, Mungu mumoja wa watu wote. Habiyaremye alipenda ile ngazi mpaka akasahau kula siku tatu. Wengine wanasema wiki.

"Ngazi siikatai," akasema sasa. "Lakini ule mufilozofu, Mama yangu alimuweka wapi? Chini kabisa!"

Nyiramahirwe, bibi yake wa ndoa, akashusha mwiko. Mama mukwe wake Pascasie, wa kule Masisi! Mwenye ng'ombe aliyekamuliwa siku moja mpaka jirani wakavuka kiwanja kwa mutumbwi. Kila mangaribi, povu lingali na joto, alimwaga maziwa kidogo chini kwa ajili ya wazee waliokufa, kisha kwa vidole vile vile vya maziwa akafanya alama ya musalaba.

"Uso wake ulikuwa unanukia maziwa hata kwa misa," Nyiramahirwe akasema polepole.

"Sasa unaona? Alisimama chini na juu pamoja. Katekista akiniuliza kama mama yangu alikuwa mupagani, nijibu amina?"

Nyiramahirwe alichukua kibuyu cha maziwa alichomuwekea mugeni, akainama.

"Alikuwa anamwaga na mukono gani?"

"Wa kuume. Kidogo tu. Pale karibu na mulango."

Akamwaga. Vidole vyake vilivyolowa vilikuwa vinapanda kwenye paji la uso wakati mulango ulifunguka, na kiatu cheusi cha katekista, kilichong'arishwa vizuri, kikakanyaga katikati ya maziwa.