Kinanda Kilichokataa Kumaliza

Msiponiamini shauri yenu, lakini haya yalinikuta mimi, mchana kweupe, kanisani kwetu huku Meru, na waliokuwepo wako hai.

Ilikuwa Jumamosi, binti yangu Upendo anaolewa. Mchungaji alishatuonya: viapo vitoke kabla ya saa kumi na mbili jioni, la sivyo turudi wiki ijayo. Saa kumi tuko mlangoni, nimemshika mkono. Kinanda kikaanza. Mpigaji alikuwa mama mmoja mwenye kitambaa cha kijani kichwani, ametupa mgongo. Nikadhani ni mgeni, kamati imemtoa mjini.

Bibi harusi wa kwetu huingia kwa kufuata kinanda, mnajua. Sauti moja, hatua moja. Sasa yule mama akabonyeza sauti ya kwanza, akaiacha hapo hapo. Dakika tatu. Dakika tano. Ikaja ya pili, tukasogea, tukaganda tena. Jamani, huo ni muziki au adhabu? Saa kumi na moja na nusu tuko benchi la sita. Bwana harusi analoa jasho, mchungaji anatazama saa, na hakuna anayethubutu kumkatiza mgeni. Nikamtuma mzee wa kanisa akamhimize. Alirudi akaninong'oneza kwamba umeme umekatika tangu mchana, na kinanda hakijachomekwa popote.

Hapo ndipo nilipoutambua ule uchelewaji. Marehemu mke wangu alipiga kinanda kile miaka ishirini, akiburuta nyimbo mpaka chakula kinapoa nyumbani, nami nikimgombeza kila Jumapili. Tulimzika migombani kwetu, huu mwaka wa tatu. Asubuhi ile dada yangu alinisihi twende kwanza kaburini tumpe taarifa ya harusi. Nilimjibu sina muda.

Nilikasirika, nikaogopa, yote kwa pamoja. Nikasema kanisa zima likisikia: "Mama Upendo, nimekosa. Nilipaswa kuja kukuambia. Mtoto anaolewa leo, mruhusu."

Kinanda kikashika mwendo wa kawaida. Tukafika madhabahuni zimebaki dakika kumi. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu.

Baadaye nilimlalamikia Upendo, miguu ikiniuma. Akanijibu taratibu, "Nilimjua tangu sauti ya kwanza, baba. Nilitaka akae kidogo."

Siku hizi mimi ndiye wa mwisho kutoka kanisani. Chakula kinapoa, sisemi kitu. Na wewe unayeoza binti ambaye mama yake hayupo, pita kaburini kwanza. Usiende na haraka zako.