Theuri na Toleo la Mwisho

Pale Kiganjo walimwita Theuri "Kompyuta", na usidhani walikuwa wakimsifu. Alirudi nyumbani mwaka wa tisini na saba, baada ya shirika alilofanyia kazi Nairobi kupunguza watu, na alipopigwa kalamu aliruhusiwa kuondoka na kompyuta moja kuukuu ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Wenzake walirudi makwao na mabati, wengine wakanunua ng'ombe wa gredi. Yeye akashuka barabarani na kisanduku cha chuma, na skrini iliyofungwa kwa shuka. Majirani walicheka hadi wakachoka, kisha wakazoea, na watu wakishazoea kukucheka hawaachi tena.

Mke wake Sophie hakucheka. Alikaa miezi kadhaa katika nyumba ya mama mkwe, akaona mume hana mbele wala nyuma, akamchukua binti yao akaenda naye kwa wazazi wake Kangari, kwenye majani chai. Hakuondoka kwa matusi. Alisema tu, "Siku utapata kazi ya kueleweka, tuambie, tutarudi." Anayetaka kumlaumu Sophie na amlaumu, lakini kwanza akalee mtoto na mwanamume anayeshinda mchana kutwa akikodolea skrini macho.

Binti huyo aliitwa Wakonyo, jina la mama yake Theuri, kama inavyotakiwa na Wakikuyu kwa msichana wa kwanza. Kwa hiyo mama mzee hakuwahi kusema mjukuu ameenda. Alisema, "Mimi nimeenda Kangari." Ukimuuliza habari za nyumbani alikujibu kwamba yeye hayuko, amepelekwa kwenye majani chai, na hajui kama anakula vizuri. Aliyasema hayo akitabasamu, lakini Theuri alikuwa anamjua mama yake, na kila akisikia maneno hayo alisukuma sahani kando.

Basi mwaka uliofuata ikatokea nafasi. Shule moja ya sekondari ya wasichana, upande wa kwenda Nyeri mjini, ilipata kompyuta za msaada na ikawa inatafuta mtu wa kuzisimamia. Theuri alikuwa ametengeneza programu ya kuweka alama za wanafunzi na kutoa ripoti za kufunga shule. Aliitengeneza juu ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta ambao hugawiwa bure, maana mifumo ya kununua hakuwa na uwezo nayo. Ila Linux aliyokuwa nayo ilikuwa toleo la majaribio. Ilikuwa na vituko vyake: leo inachapisha, kesho inagoma. Na kila ukiiwasha ilianza kwa kuandika kwa Kiingereza kwamba hili ni toleo la majaribio, lisitumiwe kwa kazi muhimu.

Mwalimu mkuu, Madam Kajuju, alikuwa mtu wa Meru asiyependa maneno mengi. Theuri alipobeba kompyuta yake kwenda kumwonyesha, Madam alivaa miwani, akayasoma maandishi yale hadi mwisho. Theuri akaanza kueleza. Madam akamkatiza.

"Theuri, hii kitu imesema yenyewe si ya kazi muhimu. Wasichana wangu ni kazi muhimu. Leta ile imekamilika. Ijumaa bodi watakuwa hapa. Ikifanya kazi mbele yao, umeajiriwa."

Hapo hakukuwa na la kubisha. Theuri akampigia simu Muchiri, aliyekuwa akifanya kazi naye Nairobi, ambaye sasa alikuwa mahali penye mtandao. Muchiri akamtengenezea CD ya toleo kamili, lililotoka juzijuzi tu, akampa dereva wa gari la Nyeri. Ikafika Alhamisi asubuhi. Theuri aliishika CD ile kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza tangu Sophie aondoke akaomba mayai mawili badala ya moja.

Sasa hapa lazima niseme mambo mawili kuhusu kompyuta yenyewe. La kwanza, feni yake ilikuwa imechoka, ikizunguka kwa kukohoa, kwa hiyo Theuri aliondoa kifuniko cha chuma na kuiacha wazi ipate hewa. Nyaya zote nje, kila kitu nje. La pili, programu yake aliihifadhi ndani ya kompyuta hiyo hiyo, kwenye diski hiyo hiyo, maana disketi zake zilikuwa zimeota ukungu. Alijua ni vibaya. Tunajua mambo mengi kuwa ni vibaya na tunayafanya.

Mama yake alichukia kuiona ile mashine wazi. Katika nyumba ya Wakonyo kila kitu chenye maana kilifunikwa. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, viti vilikuwa na vyao, thamosi ilikuwa na chake, hata televisheni iliyokufa zamani ilivalishwa vizuri kuliko watoto wa watu wengine. Kuacha kitu bila kukifunika, kwake, ilikuwa kama kusema hukithamini. Na Mama Ngatia, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alipokuja mara ya mwisho aliiangalia ile kompyuta akauliza, "Wakonyo, hii ni nini ati iko na matumbo nje kama kuku ya Krismasi?" Wanawake wakaangua kicheko. Wakonyo akacheka pamoja nao. Yalimchoma, lakini angefanya nini?

Alhamisi ile kulikuwa na baridi ya Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye ua, huwezi kuona ng'ombe wa jirani. Theuri akaweka CD, akajibu maswali yote yaliyoulizwa kwenye skrini, akachagua kupandisha toleo la zamani hadi jipya, na kazi ikaanza. Mstari ukawa unatambaa polepole kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Akaona itachukua sehemu kubwa ya mchana, na printa haikuwa na utepe mzima wa wino. Akavaa koti aende Nyeri mjini kuutafuta.

"Maitu," akamwambia mama yake, "hiyo mashine inafanya kazi. Usiiguse. Usiizime, hata ukiona imenyamaza."

"Nitaigusa ya nini, baba? Mimi ni mtoto?"

Na kweli hakuigusa wala hakuizima. Mtu asije akasema Wakonyo alikaidi. Theuri hakumkataza kuifunika, kwa sababu ni nani angefikiria kumkataza mtu jambo hilo?

Ilikuwa siku ya akina mama wa kanisa kuomba kwake. Walifika wakitetemeka. Wakonyo akaingiza jiko la makaa sebuleni na kuliweka karibu na meza, ili Mama Ngatia, mgonjwa wa magoti, apate joto. Kisha akaiona ile mashine, matumbo nje, na wageni wakitafuta pa kukaa. Akaenda chumbani kwake akaleta blanketi lake zito, lile la wageni, akaifunika hadi chini. Juu yake akatandika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Ikapendeza. Mama Ngatia akasema, "Sasa imekuwa kitu ya nyumba." Wakonyo akafurahi sana.

Wakaimba, wakasoma neno. Walipofika kwenye maombi, Wakonyo akasimama akawaambia haja yake ni moja tu. Kijana wake anaenda kuangaliwa na bodi kesho, na akipata kazi mke atarudi, na yule wa jina lake atarudi. Wanawake wakanyoosha mikono kuelekea meza. Waliiombea kompyuta ile kwa machozi, na ndani ya blanketi, mbele ya jiko, feni ile mbovu ilikuwa ikikata roho.

Theuri aliporudi alinusa akiwa mlangoni. Kuna harufu ya plastiki iliyopata moto ambayo fundi hahitaji kuambiwa ni ya nini. Akaona blanketi, akaona jiko, akamwona mama yake amesimama katikati ya sebule anang'aa kwa raha. Lakini wageni ni wageni. Alisalimia kila mwanamke kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, akajibu kwamba mjini ni salama, akajibu kwamba baridi imezidi. Ndipo akainua pembe ya blanketi. Joto likampiga usoni. Skrini ilikuwa nyeusi. Akairudisha pembe ile mahali pake akaketi, na Mama Ngatia akamwambia, "Tumekuombea, kijana."

"Asanteni sana, mama," akasema.

Walipoondoka mama akauliza kama imemaliza.

"Imekufa, maitu. Ilikuwa mzee."

"Ingoje mpaka leo ndiyo ife?"

"Imengoja leo."

Wakonyo akakaa chini. Hakulia, alisema tu kwamba Mungu ana yake, lakini hakula jioni ile. Theuri alijaribu kila alichokijua. Diski ilitoa mlio wa kukwaruza, kisha hata mlio ukaisha, na programu yake ikaenda nayo. Ijumaa alikwenda shuleni mikono mitupu, akaomba apewe wiki moja. Wanabodi wakatazamana. Madam Kajuju akamsindikiza mpaka getini, jambo ambalo hakuwa akimfanyia mtu, akamwambia, "Pole sana, Theuri. Ningetaka iwe wewe." Jumatatu wakamchukua kijana mwingine kutoka mjini.

Simu ya Kangari ilikuwa ya dukani, na Sophie aliitwa akaja akihema. Alimsikiliza. Akasema sawa. Akasema basi mtoto ataanza shule ya nasari huko huko, maana hawezi kuendelea kukaa bure. Kisha Sophie akakata simu taratibu.

Mwezi wa Septemba akapita Ndungu, fundi wa redio wa Majengo, aliyekuwa na kazi kwenye nyumba ya askari mmoja pale chuo cha polisi cha Kiganjo. Alitaka kununua vipuri vya ile kompyuta kama kuna chochote kizima. Theuri akamfungulia. Wakonyo akaleta chai. Ndungu akainama, akagusa hapa na pale kwa bisibisi, akaanza kucheka.

"Hii haikufa na uzee. Hii imepikwa. Ona hii plastiki imeyeyuka. Nani alifunika hii mashine ikiwa imewashwa?"

Wakonyo alikuwa ameshika birika, ameshamimina vikombe vyote. Akafungua mdomo.

"Ni mimi," Theuri akasema. "Kulikuwa na baridi, nikaifunika."

Ndungu akacheka mpaka akakohoa. "Wewe? Na kusoma kwako kote? Si afadhali ungeniletea nikupikie maharagwe juu yake." Aliendelea hivyo kikombe kizima, akimwita profesa, akimwambia asijaribu kumfunika ng'ombe pia, na Theuri akawa anatabasamu kila panapohitaji tabasamu. Mama yake alisimama pale pale akisikiliza mwanawe akitukanwa katika nyumba yake, birika mkononi.

Ndungu akaenda zake. Mvuke wa chai ukaisha vikombeni. Wakonyo akamwangalia Theuri mara moja, akatazama pembeni.

"Wakonyo mdogo," akasema, "angeanzia nasari hapa Kiganjo."

"Ndiyo, maitu."

"Ningekuwa nampeleka mimi."

Mama yake akakusanya vikombe, pamoja na cha Theuri ambacho kilikuwa bado kimejaa, akatoka navyo.