Patron na Unga wa Mukula

Baba yangu, Amadi wa Bel-Air, ni fundi seremala, na kwa muda mrefu nilikuwa nikimwambia usoni kwamba anamjali paka wake kuliko anavyonijali mimi, binti yake. Sikuwa natania. Mama alipofariki, baba hakulia mbele ya watu. Alirudi kutoka makaburini, akaketi barazani, na paka wa mama akampandia mapajani. Tangu siku ile, mtu asiguse paka.

Paka mwenyewe anaitwa Patron. Mama ndiye aliyempa jina hilo, maana tangu akiwa mdogo alipenda kukaa juu ya meza ya kazi na kuwatazama mafundi kama mtu anayewalipa mishahara. Ni dume, kichwa kikubwa, mweupe mwenye mabaka ya kijivu, na majivuno hayo usiseme. Nje ya ua wetu hatoki. Hapa mtaani kwetu Kampemba, paka mnene akizurura hujui kama atarudi kwenu au ataishia kwenye sufuria ya mtu, na baba hakutaka kujaribu. Kwa hiyo Patron ana choo chake ndani ya karakana: sanduku la mbao lililopigwa randa vizuri kuliko kitanda changu, limejazwa unga wa mbao unaobaki kazini.

Mwaka huu unga huo ulikuwa wa mukula. Baba alipata kazi ya kabati la harusi, na mwenye harusi alitaka mbao nyekundu, si nyingine. Mukula ukipasuliwa, unga wake hutoka na rangi ya tofali. Ukilowa, unakuwa mwekundu kama kitu kilichochinjwa. Unashika vidole, unashika kanzu, unashika hata mkate ukinywa chai karibu. Wiki nzima nyumba yetu ilikuwa nyekundu, na miguu ya Patron nayo. Hakuna aliyeshtuka, kwani mukula ndivyo ulivyo.

Basi Patron akaanza kuingia sandukuni mara kwa mara. Anaingia, anafukua, anachuchumaa, anatoka. Kabla sijamaliza kufagia upande mmoja, karudi tena. Nikamwambia baba kwamba paka wake ana kasoro. Akainama, akatazama, akaona unga umelowa hapa kidogo na pale kidogo, mwekundu kama siku zote.

“Tumbo yake imefunga tu,” akasema. “Anasukuma, hakuna kitu inatoka. Nitamupa mawese, itafunguka.”

Akampa mafuta ya mawese kwa kijiko, kama alivyotupa sisi utotoni. Patron akalamba, akanung'unika, akarudi sandukuni.

Halafu akafanya jambo ambalo lilinipandisha hasira mpaka kichwani. Baba alikuwa ametandika mkeka wake wa kuswalia, ule mweupe wa sikukuu, akaenda kutawadha. Patron akaacha sanduku lake, akaja juu ya mkeka, akachuchumaa mahali pa kusujudia. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Nilisema leo huyu paka anahama, atafute msikiti mwingine. Sikumhurumia hata kidogo.

Baba alirudi maji yakimchuruzika mikononi. Sikumwona akikasirika. Alipiga magoti, akatazama matone yale machache juu ya mkeka, akayagusa, akasugua vidole.

“Ile haina mukula,” akasema polepole. “Hakuna unga ndani. Yasmine, ile ni damu.”

Akamshika Patron tumboni, na Patron, ambaye hajawahi kumkwaruza mtu, akalia sauti mbaya na kumng'ata. Tumbo lilikuwa na kitu kigumu ndani, kama limau. Baba hakuswali kwanza. Alimtia paka kwenye katoni ya nyanya, akaifunga kwa kitambaa cha mama, tukapanda teksi. Njia nzima alishika katoni kwa mikono miwili na midomo ikitembea. Ndipo nilipoelewa kwamba nikiendelea kusema neno baya juu ya paka huyu, nitakuwa namsema mama.

Daktari Zéphirin hutibu hasa nguruwe, kuku na mbwa wa walinzi. Aliminya tumbo la Patron kwa vidole viwili tu, uso ukambadilika.

“Papa, tangu siku ngapi iko anafanya vile?”

“Vile namna gani, docteur?”

“Anachuchumaa, anakojoa kidogo kidogo, ao haiko anakojoa kabisa?”

Baba akanitazama, kisha akatazama dari. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo. Kwetu mtu huenda haja, na anaenda kimya.

“Docteur,” akanong'ona, “binti yangu iko hapa.”

“Papa, sikuulizi habari ya binti. Naulizia paka. Anakojoa ao haiko anakojoa?”

“Haiko,” akasema baba, macho chini.

“Na damu? Hamukuona damu mu sanduku yake?”

“Tulimuwekea unga ya mukula.”

Daktari akaacha kuvaa glavu. “Mukula! Donc hata angemwaga damu yote ya mwili, mungesema ni mbao.”

Alitueleza huku akiandaa sindano. Mkojo wa Patron ulikuwa umefanya chembechembe kama mchanga, na njia ya paka dume ni nyembamba, ikaziba. Sio tumbo lililofunga. Watu wengi hudanganyika hivyo, wanaona mnyama anasukuma, wanampa mafuta. Ndakala wakavu wenye chumvi, dagaa tuliomlisha kila siku, na maji machache vilisaidia kuharibu mambo. Paka aliyeziba hangojewi mpaka kesho, maana sumu inarudi kwenye damu na moyo unasimama. Atamlaza usingizi, atampitisha mrija mwembamba, kisha tungoje.

“Ataishi?” baba aliuliza.

“Nitajaribu, papa.”

“Ile paka ni ya bibi yangu,” baba akasema. “Bibi yangu alishakufa, docteur. Alimuacha ye tu mu karakana yangu.” Mzee wangu, aliyetoka kumzika mkewe na macho makavu, alilia mbele ya mtu wa kuku na nguruwe, na mimi nikalia naye.

Wakati tukingoja kwenye benchi, nilimkumbuka mama, na sitaficha, nilimkasirikia. Aliumwa muda mrefu, ugonjwa wa kike, akatokwa na damu isiyokoma, akawa anafua nguo zake mwenyewe kabla hatujaamka. Hatukujua. Alipokubali kupelekwa hospitali, madaktari waliuliza kwa nini tumechelewa. Watu walimsifu sana msibani: mwanamke wa heshima, hakumsumbua mtu. Nilizisikiliza sifa hizo nikitamani kuvunja sahani. Angetusumbua! Tungefurahi kusumbuliwa.

Patron alipona. Alikaa kwa daktari siku kadhaa, akarudi amekonda, mnyonge, na mwenye adabu ambayo haikudumu. Baba akaumwaga unga wote wa mukula nje, akaenda kwa fundi mwenzake kuomba unga wa mbao nyeupe. Ndakala sasa wanalowekwa majini, na mchuzi wake Patron anaunywa wote.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Baba, mtu wa kunong'ona, akawa mtangazaji. Kila asubuhi, chai ikiwa mezani, ananipa habari za sandukuni. Leo mabonge ni makubwa, kama ndimu, vizuri. Leo amekwenda mara chache, tumchunge. Daktari alimfundisha kwamba paka anayekunywa maji kupita kiasi na kulowesha unga wote huenda figo zake zimechoka au ana sukari. Kwamba choo kikavu kama kokoto si kitu cha kuchekea. Kwamba paka msafi akianza kukojoa nje ya sanduku hana ubaya wa roho, ana maumivu. Baba akayabeba yote hayo kama mahubiri. Mteja aliyekuja kuulizia bei ya mlango aliondoka bila bei, lakini anajua rangi ya mkojo wa paka mzima.

“Mama Yasmine,” ananiambia, hivyo huniita akifurahi, “paka hana mudomo ya kusema. Lazima tumuangalie.”

Na mimi, kwa kulazimishwa kusikiliza habari hizo kila siku, macho yangu yakazoea kuangalia. Nikaanza kuona. Baba anaacha chai ikiwa moto, anakwenda chooni kule uani, anakaa. Anarudi na jasho kwenye paji la uso. Anakunywa mafunda mawili, anakwenda tena. Nikimtazama anasema baridi ya asubuhi imezidi. Nikatega sikio bila aibu. Hakuna sauti ya maji, ila pumzi ya mtu anayesukuma.

Nilimfuata karakanani. Alikuwa amesimama na randa mkononi, Patron juu ya meza. Ningeweza kumuuliza mfalme kwa urahisi zaidi.

“Baba, weye unakojoa muzuri?”

Randa ikasimama katikati ya ubao.

“Yasmine. Ile haiko maneno ya kuuliza baba yako.”

“Ya paka tunaisema kila siku, mbele ya chai.”

“Paka ni paka.”

“Na mama alikuwa mama,” nikasema. “Tulinyamaza, alikufa.”

Alipuliza maranda kutoka kwenye ubao, akaupapasa kama anatafuta mwiba, akaupapasa tena. Nilidhani atanifukuza. Kisha akaiweka randa chini na kuketi juu ya kigoda, na nikaona kwamba amezeeka.

“Kukojoa inanishinda, mama,” akasema. “Tangu mbele ya Ramadhani. Inatoka tone, inakatika. Nilikuwa na haya.”

Nilifunga karakana mchana ule, mlango wa mteja ukiwa nusu umepigwa randa, nikamshika mkono tukaenda kutafuta gari la kutupeleka hospitali. Njiani akaniomba nisiwaambie kaka zangu. Nikamwambia nitawaambia wote.