Ndizi za Kumngoja Tata

Mikono ya mama jirani yetu wa mtaa wa Manika, miaka ile ya Zaïre, haikujua moto. Ndizi mbivu alizipika kwa sukari ndani ya sufuria, makala ya moto chini, mengine juu ya kifuniko, na yote aliyapanga kwa vidole vitupu. King'ora cha kutoka kazini kikilia mgodini, alizitia motoni. Mume wake, tata ya batoto wake, akifika na baiskeli, zimeiva. Siku moja king'ora kililia, mume hakutokea. Batoto wakasogea.

“Mama, tukule?”

“Bado. Tata yenu iko mu njia.”

Akaendelea kupunguza makala, moja moja, ndizi zisiungue. Jua lilikuwa limeinama kengele ya baiskeli iliposikika. Akanyanyua kifuniko macho yakiwa njiani, na kwa mara ya kwanza nikamwona akiungua vidole.