Masikio ya Sungura

Nikifunga miraa ya kuuza, harufu ya majani ya mgomba ninayofungia inanikasirisha mpaka wateja wanauliza kama nimekosana na mtu. Nimekosana na sungura.

Shule niliachia darasa la tatu, lakini kile kitabu cha hadithi ya sungura tulichosomea nilikuwa nimekishika chote kichwani. Mwalimu akasema tutamfanyia sungura sherehe, tuigize hadithi yake uwanjani saa nne asubuhi. Mimi ndiye sungura! Nikajishonea masikio ya maganda ya mgomba, marefu mpaka yananifunika macho, nikatembea nayo kijijini nikigonga kuta za watu.

Cucu, bibi yangu, akaniona. "Hadithi ya mchana? Wewe msichana! Hujui mtoto akisimulia jua likiwaka, mama yake anapotea?"

Ilikuwa Imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, watu wakishikwa ovyo. Mama alikuwa ameshikwa, yuko kambini, hatujui kambi gani.

"Basi tuigize jioni, cucu."

"Jioni ni kafyu, hakuna kutoka nje. Utaigizia bunduki?"

Nikakataa kusema maneno ya sungura mchana. Mwalimu akakasirika, akampa mwenzangu wa dawati masikio yangu, mimi nikafanywa kichaka. Siku yenyewe, huyo sungura akafika mbele ya simba akasahau maneno. Akaniangalia. Shule nzima ikaniangalia.

"Wewe kichaka, si unajua? Msaidie!" mwalimu akapiga kelele.

Maneno nilikuwa nayo yote, yananiwasha ulimi kama pilipili. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili, nikalia hapo hapo, na jua lilikuwa kali kweli.